Sifa Alipotafsiri Hasira Yangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wa Kashojwa, apewe sifa! Wa Misiera, apewe sifa! Na ninyi mliotembea kutoka Base Camp na jua hili, mkafika na vumbi mpaka magotini, apewe sifa tena na tena!

Mnaniona nimesimama mbele yenu nasema Kiswahili. Wanaonijua tangu nilipofika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, wanacheka, na wana haki ya kucheka. Mimi ni Mama Belyse, Mrundi wa Kashojwa, mkulima wa maharagwe na mahindi. Nilipokuja hapa neno langu la Kiswahili lilikuwa moja tu, "asante", nalo nililitumia hata mahali pa "hapana". Leo nasema mwenyewe. Kiswahili changu kina harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, kwa sababu aliyenifundisha ni Mkongo anayewauza. Mnamwona, huyu hapa kando yangu, anawatafsiria Kirundi wale ambao Kiswahili bado kinawapita. Jina lake ni Sifa. Dada Sifa, tafsiri na hilo la ndagala, usiliruke.

Ndugu zangu, wengine husimama hapa wakashuhudia walivyotolewa katika ulevi au uchawi. Mimi sikuwahi kulewa, na mganga simjui. Mungu alinitoa mahali ambapo sikujua hata kama nimo. Alinitoa ndani ya mdomo wangu mwenyewe! Na alimtumia huyu dada.

Nianze na nilivyokuwa. Watu waliniita mpole. Kwenye foleni ya maji walisema, Mama Belyse ni mtu wa taratibu, hana neno na mtu. Nami nikaamini! Katika sala zangu nilimshukuru Mungu kwamba hakuniumba kama wanawake wenye makelele. Kumbe haukuwa upole. Yalikuwa ni maneno yaliyokosa lugha ya kutokea. Mtu akinipita kwenye foleni, Kiswahili cha kumjibu sina, nanyamaza. Mwenye duka akinipunja sukari, nanyamaza. Lakini moyoni nilikuwa nawajibu wote, kwa Kirundi safi kabisa, na majibu yenyewe hayafai kusemwa kanisani. Jioni nikikaa mlangoni kuchambua maharagwe, nawajibu tena mmoja mmoja. Baba Belyse akirudi kutoka shambani ananikuta midomo inacheza, ananiuliza naongea na nani. Namwambia nasali.

Sasa Sifa. Alizaliwa Uvira, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwetu, ndiyo maana Kirundi kinamtoka bila taabu. Meza yake ya ndagala iko Misiera. Katika kikundi chetu hiki cha maombi cha Alhamisi, sisi Warundi tunasali pamoja na ndugu zetu Wakongo, na hakuna mahubiri wala ushuhuda usiopitia kwa mtafsiri. Mnajua desturi yetu. Mtafsiri hasemi "anasema kwamba". Mtafsiri husema "mimi". Anayeshuhudia akisema, "Mimi nilikuwa mwizi," mtafsiri naye anasema, "Mimi nilikuwa mwizi," na hakuna anayemtazama vibaya. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Mhubiri akipaza sauti, naye anapaza. Na katika watafsiri wote Sifa ndiye alikuwa moto. Alikuwa mwepesi mpaka mara nyingine alimtangulia mhubiri, akamaliza sentensi wakati mwenyewe bado yuko katikati anatafuta neno. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Binti yangu Belyse ana kifafa. Nalisema wazi kwa sababu si aibu, na ninyi wenye watoto kama yeye msiwafiche ndani. Kuna vidonge anavyomeza kila siku, na akivimeza anakaa vizuri, anakwenda shule, anaruka kamba na wenzake. Vikikatika, ugonjwa unarudi. Safari moja tulitumwa mjini Mbarara, kwenye kliniki moja, aangaliwe na daktari. Nikajiuliza nitaongea nao nini, mimi na "asante" yangu. Sifa aliposikia akaja nyumbani. Kwangu alisema Kirundi, lakini siku hizi nikimkumbuka namsikia kwa Kiswahili chake cha Uvira: "Mama Belyse, tutaenda siye wote. Weye utasema, miye nitatafsiri." Akafunika meza yake ya ndagala. Siku ya soko, ndugu zangu! Alifunika meza siku ya soko, na hakuniomba kitu. Hilo baadaye nililisahau upesi sana.

Ndugu zangu Wakongo, sikilizeni vizuri hapa, maana ushuhuda wangu wote umekaa juu ya neno moja dogo. Kirundi kina neno "ejo". Ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Neno ni lile lile! Msicheke, sisi hatupotei. Kitenzi ndicho kinakuja kukuambia kama ni ejo iliyopita au ejo inayokuja. Lakini lazima ukingoje hicho kitenzi kifike.

Muuguzi pale Mbarara alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa kule, mama mwenye uso mzuri, na alisema Kiswahili cha kwao cha mkato. Akauliza, "Nyabo," ndivyo wanavyomwita mama kule, "dawa ya mutoto bado iko? Inaisha lini?" Sifa akanitafsiria. Nikaanza kujibu: "Ejo umuti..." Yaani, ejo dawa... Nilikuwa nakwenda kusema iliisha. Jana dawa iliisha, na leo mtoto hajameza kitu. Kitenzi kilikuwa bado kiko kwenye ulimi wangu, na Sifa alikuwa ameshamgeukia muuguzi: "Dawa itaisha kesho."

Muuguzi akafurahi. "Basi nzuri. Kesho nyinyi chukua ingine kule kambi." Sifa akaniambia tutapewa dawa kambini ejo. Mimi nikadhani muuguzi ameona kwamba kukosa siku moja si kitu. Nani mimi nibishane na watu wa kliniki? Nikasema neno langu, "asante", tukatoka.

Tulipofika Kabingo, njiani kurudi kambini, gari likasimama, watu wanunue ndizi. Belyse alikuwa amesimama karibu nami, ameshika hindi la kuchoma. Nikaliona hindi linaanguka, kisha mtoto mwenyewe. Kifafa nimekizoea, ndugu zangu, najua kumlaza ubavu na kungoja. Lakini siku ile kilikuwa hakiachi. Hakijatulia vizuri, kinaanza tena. Mwanamke mmoja mwuza ndizi, simjui mpaka leo, alivua kitenge chake cha juu akakikunja chini ya kichwa cha mwanangu. Dereva akageuza gari kurudi Mbarara, na katika abiria wote hakuna hata mmoja aliyelalamika. Mungu awakumbuke watu wale! Sifa alikuwa ameishika miguu ya Belyse njia nzima, anamwita Bikira Maria kwa kila lugha anayoijua.

Mtoto akalala hospitalini siku nyingi hanitambui. Alipofumbua macho, ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakimtoka vipande vipande, yeye aliyekuwa mwimbaji. Hapo ndipo wauguzi wakauliza kwa nini alikosa dawa. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa kwetu anayejua Kiswahili, akaulizwa, akaniuliza, ikarudi kwao, ikarudi kwangu, na ukweli ukatoka. Mimi nilitaka kusema imekwisha jana. Wao waliambiwa itakwisha kesho. Ndivyo nilivyojifunza neno langu la pili la Kiswahili. Kesho.

Sifa alifika wakati huo huo, akasikia. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso. "Ni miye, Mama Belyse. Nilikukata neno. Hakuna mutu mwingine, ni miye." Mimi nikageukia ukutani. Kila alipopata gari kutoka Nakivale alikuja na chupa ya uji wa mtama, akaiweka kando ya kitanda, akasalimu, akasimama kidogo, akaondoka. Uji niliunywa. Salamu sikujibu.

Mungu akamwinua mwanangu, tukarudi Kashojwa. Sasa ungetegemea nirudi na furaha, sivyo? Nilirudi na moto! Nikichota maji, nasema na Sifa moyoni. Nikipalilia, nasema na Sifa. Nikichambua maharagwe, vidole vinatoa mawe na mimi natunga maneno. Nilishika rozari, mdomo unasema Salamu Maria, na moyo unatafuta neno gani litamuuma zaidi. Watoto wakaanza kunipita kwa mbali. Belyse akianza kuongea na neno likikwama, hasira inanipanda upya, na yeye maskini anadhani nimemkasirikia yeye, ananyamaza. Ona jinsi nilivyokuwa! Mtoto anatafuta maneno yake, na mama anamfunga mdomo kwa macho. Na watu bado waliniita mpole.

Nikaamua kitu. Nitatoa ushuhuda. Nitamshukuru Mungu mbele ya wote kwa kumponya mwanangu, na ndani ya shukrani hiyo nitamtaja Sifa kwa jina, ili pasiwe tena na mtu Nakivale nzima wa kumpa neno lake la kutafsiri. Nikamwomba katekista wetu, akafurahi, akanipa Alhamisi. Sifa mwenyewe alikuwa ameacha kutafsiri tangu siku ile ya Kabingo. Aliyesimama badala yake alikuwa Baba Gervais, mzee wa kwetu. Nilimpanga Baba Gervais katika hesabu zangu zote.

Alhamisi ikafika. Kikanisa kimejaa, nimesimama hapa hapa, na Baba Gervais hayupo, amekwenda mazishini. Katekista akatazama huku na huku, akauliza nani atatafsiri. Wanaojua Kirundi na Kiswahili vyote viwili ni wengi, lakini kusimama mbele ni kitu kingine. Ndipo Sifa akainuka kule nyuma. Akaja mpaka hapa, akasimama kando yangu, akanisemesha polepole ili watu wasisikie: "Kama unakubali, nitatafsiri. Sema yote. Miye nitangoja umalize." Ndugu zangu, nilikubali! Na msidhani nilikubali kwa wema. Niliona Mungu amemtia mikononi mwangu, ajitangazie aibu yake kwa kinywa chake. Loo, moyo wa mwanadamu!

Nikaanza kwa Kirundi. Bwana asifiwe. Sifa akatafsiri. Mimi ni Mama Belyse, binti yangu alikuwa karibu kufa. Akatafsiri. Nikaona kitu kimebadilika kwake. Yule aliyekuwa anawatangulia wahubiri sasa alingoja mpaka nifunge mdomo kabisa. Aliniangalia midomo, akangoja tena kidogo, ndipo akasema.

Nikaingia kwenye lile nililolijia. Nikasema, kuna mwanamke hapa ambaye masikio yake yamefungwa na ulimi wake umefunguliwa. Sifa akawaambia watu: "Kuna mwanamuke hapa, masikio yake ilifungwa, ulimi wake ilifunguliwa." Nikasema, anapenda kusikiwa kuliko kusikia. Akalitafsiri. Nikasema, mwanangu alianguka kwa ajili ya mdomo wake, na jina lake ni Sifa. Naye akasema, wazi, kila mtu akasikia: "Jina yake ni Sifa."

Watu wakaanza kunong'ona. Katekista akanyanyuka kidogo kwenye benchi, hajui aingilie au aache. Sifa hakumtazama. Alinitazama mimi, anangoja neno linalofuata. Hakupunguza hata neno moja! Angeweza. Nani angejua? Mimi Kiswahili kukisema nilikuwa bado, na nusu ya watu hawajui Kirundi. Angeweza kulainisha, angeweza kuruka, angeweza kuongeza kaneno kadogo ka kujitetea. Mtafsiri ana nafasi nyingi za kujificha. Yeye alisimama peupe.

Utulivu wake ukanichoma zaidi. Nikapaza sauti, nikasema lile la mwisho, lile nililolitunga juu ya maharagwe jioni nyingi. Nikamwomba Mungu amfunge ulimi, ajue alivyojua mwanangu.

Sifa akaniuliza kwa Kirundi, kwa heshima kabisa, kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akawageukia watu. Zamani mhubiri akipaza sauti naye alipaza, lakini hapa hakupaza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji: "Miye namuomba Mungu amufunge Sifa ulimi, na yeye ajue vile mutoto wangu alijua."

Ndugu zangu, kwa kukaa siku zile Mbarara nilikuwa nimeshaanza kuelewa Kiswahili. Nikaelewa kila neno. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikajisikia! Moyoni yale maneno yalikuwa haki. Kinywani mwangu yalikuwa na kelele ya kuyafunika. Lakini yalipotoka kwake bila kelele, na lile "miye" mbele yake, nikaona hii ndiyo sura yangu. Huyu anayemwombea mwenzake awe bubu ndiye mimi. Ndiye yule mpole wa foleni ya maji. Nilikuwa nimesema hivyo moyoni miaka na miaka, juu ya watu wengi, na sikuwahi kusikia hata mara moja.

Belyse alikuwa amekaa hapa mbele kwenye mkeka na watoto wenzake. Alikuwa amefunika mdomo wake kwa mikono miwili. Yeye alijua kufungwa ulimi ni nini. Ni mwanangu, na alimwogopea Sifa.

Nikataka kuendelea, sauti ikakataa. Sifa akangoja. Nyote mliokuwepo mnakumbuka tulivyosimama hapa, mimi sina neno, na yeye hataki kunitangulia. Kisha likanitoka dogo tu, kwa Kirundi: "Mana, mbabarira." Mungu, nisamehe.

Sifa akafungua mdomo kulitafsiri, na pale, baada ya kutafsiri laana yote bila kutetemeka, sauti ikamkatika. Akasema, "Mungu, unisamehe," machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Na mpaka leo, ndugu zangu, hakuna anayejua ile "unisamehe" ilikuwa ya nani, yangu au yake. Hata sisi wenyewe hatujui. Tulishikana hapa hapa, na katekista, mtu mzima yule, akalia kuliko wote.

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Siku hiyo! Moto ulitoka.

Baadaye nilimuuliza Sifa kwa nini alikubali kuisema ile laana. Akanijibu, "Nilishakukata neno mara moya. Ya pili singeweza." Mimi nilifikiri nimemkamata, kumbe yeye alikuwa anatubu mbele ya macho yetu, na toba yake ilikuwa ni kutafsiri sawasawa. Nimesikia mahubiri mengi, Burundi na hapa. Kubwa kuliko lile sijalisikia.

Lakini sikilizeni, msije mkadhani niliamka kesho yake malaika. Mungu hufungua mlango, kutembea ni kwako. Sifa alianza kuja kwangu jioni akitoka sokoni, tunachambua maharagwe pamoja, ananifundisha Kiswahili. Na katika kujifunza nikapata sala yangu. Nikishika ungo, naikumbuka siku yangu. Nachukua neno nililolisema, la nje au la moyoni, na ninalisema tena kwa Kiswahili, taratibu, kama Sifa anavyotafsiri, kuanzia na "mimi". Mimi nilimwambia Baba Belyse hana akili kwa sababu ya jembe. Mimi nilifurahi mbuzi wa jirani alipopotea. Nikilisikia hivyo, bila kelele, najua mara moja kama ni haragwe au ni jiwe. Likiwa jiwe, namwomba Mungu msamaha, na kama lina mwenyewe, nainuka namfuata mwenyewe. Naita hivi kujitafsiri.

Si kazi rahisi! Juma hili tu, mbuzi yule yule, maana alipatikana, aliingia kwenye maharagwe yangu. Na Kiswahili sasa ninacho! Nilimmwagia mama mwenye mbuzi maneno mpaka Baba Belyse akatoka nje kutazama ni redio ya nani. Jioni kwenye ungo nilijitafsiri, nikaona haya, nikaenda kwake. Mama yule akasema alipenda zaidi nilipokuwa sijui Kiswahili. Tukacheka, tukapatana, na mbuzi amefungwa kamba. Siku hizi mara nyingine neno nalikamata kabla halijatoka. Linafika kwenye meno, nalisikia linavyotaka kusikika, nalirudisha. Hiyo ni neema, ndugu zangu, na inakuja kwa kurudia kila siku, kama tunavyorudia kuchambua. Hakuna anayechambua maharagwe ya mwaka mzima kwa jioni moja.

Na dada huyu je? Mtazameni. Amerudi kutafsiri, na ndiye tunayemwita tukitaka neno letu lifike salama. Akienda na mgonjwa Mbarara, akisikia ejo, anasimama. Anauliza, "Jana ao kesho?" Anauliza hata kama ni wazi. Pale Misiera wanamtania kwamba amepungua mwendo, ukinunua ndagala anangoja umalize hata salamu za nyumbani ndipo apime. Anacheka nao. Belyse anameza dawa zake, ulimi umerudi, anaimba, na jioni anakaa katikati yetu. Neno likimkwama, Sifa ndiye anayejua kungoja kuliko sisi wote.

Basi nawaalika. Wewe unayeitwa mpole, jisikilize. Wewe unayeitwa mkali, jisikilize pia, huenda una nafuu kuliko mimi, wewe angalau unajulikana. Mpe Mungu siku yako kila jioni, hata kama mikono ina kazi. Usiogope atakachokuonyesha. Yeye aliyenionyesha mimi hakunitupa. Na mkiwa katika shida ambayo haijaisha, msimkate Mungu neno lake. Mmesikia "ejo" tu, hamjui bado kama ni ile iliyopita au ile inayokuja. Ngojeni amalize kusema.

Namaliza, ndugu zangu, na nina neno moja la mwisho. Dada Sifa, hili ulitafsiri lote, usikate, usiruke, na uanze na "mimi" kama desturi ilivyo. Mimi, Mama Belyse, nasema mbele za Mungu kwamba katika kambi hii sijaona moyo kama wa Sifa. Mimi nilimwombea awe bubu, naye akanipa ulimi. Mimi nampenda kama tumbo moja.

Tafsiri, dada.

Haya, tunangoja.

Mnamwona, ndugu zangu? Laana aliitafsiri yote, neno kwa neno, mguu haukutikisika. Sifa zake zinamshinda! Basi kaa, dada yangu, futa machozi, kaa hapo karibu na Belyse. Hili nitalitafsiri mwenyewe.